Neno la Gideon Shiel

Mimi sikumpenda Gideon Shiel, na nikifa asije mtu hapa Whitlaw akasimama mbele ya jeneza langu akasema tulikuwa marafiki. Hatukuwa. Tulianza kucheza raga pamoja tukiwa na miaka kumi na saba, tukafuma soksi kiwanda kimoja, tukavaa jezi ya Uskoti siku moja, na bado nilipomwona anakuja barabarani nilivuka upande wa pili. Kwa hiyo aliporudi kutoka vita vya Makaburu, goti limekakamaa, anatembelea fimbo, akaja kuomba kazi ya kutunza uwanja wa klabu yetu, nilifurahi. Mwenyekiti wa klabu nilikuwa mimi. Kazi ile ina kibanda chenye jiko na kitanda, na nilijua asipoipata hana pa kwenda ila nyumba ya maskini ya parokia, kule mtu anakovalishwa nguo za watu waliokufa na kula uji wa kupimiwa.

Mtaniuliza alinikosea nini. Nitawaambia, lakini msinikatize.

Tulikuwa Edinburgh, tunacheza na Waingereza, enzi zile mchezo haujawa na refa wa kupuliza filimbi katikati ya uwanja. Kukitokea ubishi, manahodha wawili walikutana wakamwita aliyekuwa na mpira. Wakamuuliza mbele ya watu wote. Akisema mpira ameugusisha chini nyuma ya mstari, ni bao. Akisema hakugusisha, si bao. Nahodha wa upande wa pili alijibu, "Neno lako linatosha," na hapo ubishi umekwisha. Hakuna aliyeapa wala kushika Biblia. Na tusidanganyane, watu walikuwa wakidanganya. Si kila Jumamosi, lakini walikuwa wakidanganya, na sote tulijifanya hamnazo.

Zilibaki dakika chache na hakuna aliyefunga. Gideon akaupata mpira, akainamisha kichwa, akajitosa katikati ya Waingereza. Sisi tukamsukuma kwa nyuma, watu kumi na ushei, mpaka tukavuka mstari na kuanguka rundo moja kwenye tope. Mimi nilikuwa juu yake, shavu langu limebanwa kwenye sikio lake. Tukashangilia bao. Waingereza wakabisha. Nahodha wao, jitu refu lenye ndevu nyekundu, akaja na nahodha wetu, wakamwita Gideon.

"Uligusisha?"

Gideon akafuta tope mdomoni. "Hapana. Uliangukia mguu wa mtu wenu. Haukufika chini."

"Neno lako?"

"Neno langu."

"Neno lako linatosha," akasema yule Mwingereza, na nusura acheke.

Mpira ukarudishwa mchezoni, na kabla hatujatulia Waingereza wakafunga la kwao. Tukashindwa. Nahodha wetu alikaa chini kwenye nyasi akalia mbele ya umati, mtu mzima mwenye watoto watatu.

Kwenye treni ya kurudi hakuna aliyekaa karibu na Gideon. Whitlaw habari ilikwisha fika kwa telegramu, na stesheni ilijaa watu waliokuja wakiwa wamefunga midomo. Akashuka peke yake. Kuanzia siku ile mji ulimkalia kooni. Kiwandani alikuta mpira umewekwa juu ya kiatu, kwenye mashine yake. Kwenye baa, muuzaji alimwambia, "Nikikumiminia si utasema pombe haikufika chini ya glasi?" na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Wanawake walimpigia kelele madirishani, "Gideon, mlango huo umeugusisha au umeuegesha tu?" Mama yake alikuwa mjane, na kanisani benchi lake likabaki na yeye peke yake.

Yeye hakujibu hata mara moja, na hilo lilituudhi zaidi.

Halafu ile kofia. Kila aliyechezea taifa alishonewa kofia ya mahameli yenye kishada, na klabu ikaitundika ukutani kwenye msumari wake. Yangu ilitundikwa. Yake ilikutwa mtoni, chini ya daraja, imejaa mchanga, na aliyeitupa ninamjua vizuri kwa sababu namnyoa ndevu kila asubuhi mbele ya kioo changu. Moto wote ule mchochezi wake nilikuwa mimi. Nikikuta watu wameanza kusahau, nilikumbusha. Mwaka haukuisha, Gideon akaenda kujiandikisha jeshini. Nikasema afadhali, tumepumua.

Miaka mingi ikapita. Mama yake akafa, yeye akiwa India. Kisha vita vya Makaburu vikaanza, na mdogo wangu Dand, ambaye mama yetu alimzaa uzeeni na kumlea kama yai, akajiandikisha bila kuniuliza. Wakampeleka Afrika Kusini, na katika vikosi vyote vya jeshi la Malkia, akaangukia kikosi ambacho sajini wake alikuwa Gideon Shiel. Dand mwenyewe aliniandikia hayo kwa barua. Nilijua nilichomfanyia mtu yule, na sasa mtoto wa mama yangu alikuwa mikononi mwake.

Dand alirudi mzima. Tulimpokea kwa bendi. Gideon alirudi miezi minne baadaye, hana bendi, na kwenye mikono ya koti lake zilibaki alama za nyuzi ambako cheo chake kilikuwa kimeshonwa. Habari zilikwisha mtangulia. Eti alfajiri moja alimwondoa mlinzi zamuni akasahau kuweka mwingine, Makaburu wakapenya, wakaua vijana wawili Waskoti kutoka Fife. Wakamshusha cheo hadi askari wa kawaida. Hapa Whitlaw watu walisema, si mnaona? Mtakatifu wetu.

Dand nilimuuliza. Akasema hataki kuzungumzia vita. Nikamwacha.

Basi kamati ilikaa Jumamosi, saa nane mchana, kiwanda kikishafungwa. Tulikuwa saba. Watatu walimwonea huruma Gideon, watatu hawakutaka hata kumsikia, na mkali wao alikuwa Sim Pringle, mwenye bucha. Kura ya saba ilikuwa yangu. Gideon akaitwa. Alisimama chini ya kofia zetu, kofia ameishika mkononi, na hakuna aliyempa kiti. Alikuwa amezeeka. Nilitaka nione haya na sikuona.

"Unataka kibanda," nikamwambia.

"Nataka kazi. Kibanda kiko ndani ya kazi."

"Utachoraje mistari na goti hilo?"

"Polepole."

Sim akasema, "Jeshini ulisahau mlinzi. Hapa si utasahau magoli?" Wawili wakacheka.

Mimi nikainua mkono. Nilikuwa nimelipanga neno langu wiki nzima. "Gideon, tusipoteze muda. Kazi unaipata sasa hivi, hata kura hatupigi. Sema tu mbele ya hawa kwamba siku ile Edinburgh mpira uliugusisha. Sema ulitutosa ili Waingereza wakusifu. Basi, ufunguo huu hapa."

Nikauweka ufunguo mezani. Aliutazama. Mtu mwenye njaa hutazama mkate hivyo, na yeye njaa alikuwa nayo, mashavu yamemwingia ndani. Nikasema moyoni, leo nimekupata.

"Uongo nilishausema mara moja, Wat," akasema. "Sitausema tena."

"Ulisema lini?" Sim akauliza.

"Hayo si ya hapa."

Akavaa kofia yake akatoka, fimbo inagonga mbao. Nikataka kupiga kura pale pale, lakini Sim akanizuia. "Tumwache wiki moja. Akishanusa uji wa parokia, Jumamosi ijayo atakuja kusema mwenyewe, na atapiga na magoti." Tukacheka, tukakubaliana hivyo. Gideon alikuwa amepewa siku saba tu na mjane aliyemhifadhi kwenye ghala la majani.

Jioni ile nyumbani tulikuwa na supu ya shayiri na nyama ya kondoo. Mama alikwisha kula, amesinzia chumbani kwake. Mimi nilikuwa nimechangamka, nikamsimulia Dand yote, namna nilivyouweka ufunguo mezani, namna jamaa alivyoukodolea macho.

"Halafu anatuletea vitendawili," nikasema. "Eti uongo alishausema mara moja. Gideon Shiel! Sijui alimdanganya nani."

Dand akaweka kijiko chini.

"Alisema hivyo? Mbele ya watu?"

"Mbele ya kamati nzima. Una nini?"

"Hakusema ni uongo gani?"

"Angesema ningekuambia. Dand, una nini?"

Akainuka, akaenda kufunga mlango wa chumba cha mama, akarudi kukaa. Akasema bila kunitazama, "Hakumwondoa mlinzi. Mlinzi alikuwa mimi, na nilikuwa nimelala."

Nikasukuma bakuli langu pembeni.

"Tulitembea siku tatu, Wat. Nilikaa chini kidogo tu, kufunga kamba ya kiatu. Niliposhtuka walikuwa wameshapita, na wale vijana wawili wameshauawa. Gideon ndiye aliyenikuta wa kwanza. Unajua adhabu ya mlinzi aliyelala mbele ya adui?"

Najua. Nchi nzima inajua. Ni kupigwa risasi.

"Wakaniweka mbele ya maofisa watatu," Dand akasema. "Waliokuwepo wote waliamini nimelala. Gideon akaja akasimama, akasema, 'Huyu Hislop hakuwa zamuni. Nilimwondoa mimi nikasahau kuweka mtu.' Maofisa wakatazamana. Mmoja alikuwa meja Mwingereza, akamwambia, 'Sajini, unajua unalolisema?' Akasema ndiyo. Yule meja akamwangalia sana. Akasema, 'Mimi nilikuwepo Edinburgh siku ile. Nilisimama mbele kabisa, kwenye kamba ya watazamaji. Wewe ndiye Shiel yule?' Gideon akasema ndiye. 'Neno lako, basi?' 'Neno langu.' Meja akafunga faili. Akasema neno lako linatosha. Mtu mwingine yeyote wasingemwamini, Wat. Hata padri."

"Na yeye hakukuambia kitu?"

"Nilimfuata kumshukuru. Akanifukuza. Akasema kama nataka kumshukuru nijifunze kukaa macho."

Niliondoka mezani. Nilitoka nje nikasimama uani kwenye baridi, na nawaambieni ukweli, kitu cha kwanza nilichosikia hakikuwa shukrani. Ilikuwa hasira. Nilitaka kumzaba Dand makofi. Na Gideon nilimchukia kuliko jana, kwa sababu kumbe siku zote nilipokuwa nakula na ndugu yangu meza moja, nilikuwa nakula kwa hisani ya mtu ambaye nilimtupia kofia mtoni. Kama angemlipizia Dand ningeelewa. Ningemwita mshenzi na maisha yangeendelea.

Dand akanifuata uani. "Jumamosi nitakwenda kuwaambia," akasema.

"Utanyamaza."

"Atakwenda nyumba ya maskini kwa ajili yangu."

"Ukisema, jeshi litakuja kukuchukua, mama atakufa kwa aibu, na yeye atakuwa amevuliwa cheo bure. Utanyamaza, Dand. Umesikia?"

Alilia. Nilimwacha alie. Mimi nilibaki na hesabu yangu mwenyewe, maana kuna jambo sijawaambia, na nyinyi mmekaa mnanisikiliza mkidhani nimewaambia yote.

Mpira nami niliuona.

Nimesema nilikuwa juu yake katika lile rundo. Uso wangu ulikuwa pale pale. Niliuona mpira umelalia mguu wa Mwingereza, soksi nyeupe, na chini ya mguu ule ndipo palipoanza tope. Gideon alisema kweli na mimi nilijua, tangu dakika ile. Nilipiga kelele za bao huku najua. Yeye alipoulizwa akasema hapana, nilisikia uso unaniwaka, kwa sababu nilijua kwamba mimi ningesema ndiyo, tena bila kupepesa. Hicho ndicho alichonikosea. Miaka kumi na sita niliuchochea mji umchukie mtu ili mimi nisijione.

Jumamosi ikafika. Sim alikuja mapema, amevaa shati safi kana kwamba kuna arusi. Gideon akaitwa. Alikuwa na majani ya ghalani begani.

"Haya," Sim akasema, "tunakusikiliza. Uligusisha?"

Gideon akafungua mdomo, na sijui angesema nini, ingawa nadhani najua. Nikainuka kabla yake.

"Hakugusisha," nikasema. "Niliona. Mpira ulikuwa juu ya mguu wa Mwingereza. Nilikuwa juu yake, niliuona kama ninavyowaona nyinyi."

Mtu mmoja akakohoa.

"Wat, umelewa?" Sim akauliza.

"Sijaonja."

"Umejua lini?"

"Siku ile ile."

"Miaka kumi na sita?"

"Kumi na sita."

Sim akanyanyuka taratibu. Ni mtu mnene, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Mama yake alikuwa anakufa kwenye nyumba ile ya kona, wakati wa theluji," akasema. "Alimtuma mtu kwa mke wangu kuomba ndoo ya makaa. Mke wangu akamrudisha. Akasema mwanao hakutupa bao na sisi hatukupi makaa, na mimi nilicheka, nikaja kukusimulia wewe hapa hapa, nawe ukacheka. Ukijua."

Nilimtazama Gideon. Jambo la makaa alikuwa hajui. Niliona alikuwa hajui. Alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili na anatazama sakafu.

"Tupige kura," nikasema.

Zikawa nne kwa tatu, kazi akapata Gideon. Wale watatu hawakubadilika, na Sim alipiga ya kukataa akinitazama mimi machoni, si Gideon. Kisha akanyoosha mkono ukutani, akaing'oa kofia yangu msumarini, akanitupia kifuani. "Na uenyekiti acha leo," akasema. "Toka." Nilitoka. Tangu siku ile nyama yangu nainunua mji wa jirani, na barabarani watu huniona nakuja wakavuka upande wa pili.

Kiwandani nilikuta mpira juu ya mashine yangu, juu ya soksi nyeupe.

Wiki ya pili nilikwenda uwanjani. Gideon alikuwa anachora mstari wa goli, ndoo ya chokaa mkono mmoja, fimbo mkono wa pili, anasogea hatua moja anapumzika. Moshi ulikuwa unatoka kibandani. Aliniona na hakusimama.

"Nani alikuomba useme?" akaniuliza.

"Hakuna."

"Mama yangu angekuwa hai ungenifaa. Sasa unanifaa nini?"

"Kibanda umepata."

"Kibanda nimepata," akasema, akamwaga chokaa. "Usidhani nitakukaribisha ndani."

"Sikuja kukaribishwa. Dand ameniambia."

Mkono wake ukasimama. Chokaa ikadondoka mahali pamoja ikafanya doa kubwa, na yeye, mtu wa mistari iliyonyooka, hakuliona.

"Amekuambia nini?"

"Kwamba alikuwa amelala."

Akajinyoosha. Ilimchukua muda kwa goti lile. Akanitazama usoni kama alivyomtazama yule nahodha mwenye ndevu nyekundu, na mimi namjua Gideon Shiel, nimelala juu yake kwenye matope ya nusu ya viwanja vya Uskoti, namjua akiwa anasema kweli. Alipofungua mdomo hakuwa anasema kweli. Kope zilimchezacheza, sikio lake likawa jekundu. Nikashangaa yule meja alikuwa anatazama wapi.

"Mdogo wako hakuwa zamuni," akasema. "Nilimwondoa mimi."

Upepo ulikuwa baridi na macho yalikuwa yananitoka maji. Nikamuuliza, "Neno lako?"

"Neno langu."

"Neno lako linatosha," nikamwambia.

Aliinama akaanza tena kuchora. "Basi ondoka hapo," akasema. "Umesimama kwenye mstari."

Nikaondoka.